Mtaa Niliouandikia Sifuri

Ndugu zangu, mama zangu, papa zangu, amani iwe kwenu. Wiki iliyopita Papa mchungaji alinifuata nyumbani akaniambia kwamba leo nitapewa nafasi ya kusema. Nikamjibu, "Papa, wengine wana mambo mazuri ya kushuhudia. Yangu si mazuri." Akaniambia, "Kuja na hayo hayo." Basi nimekuja nayo.

Sitataja jina la mtu, wala la biro nilikofanya kazi, wala la mtaa. Mtu mmoja kati ya wale nitakaowasema ameketi humu ndani. Ameniruhusu niseme yote, ila ameomba msigeuke kumtafuta. Kwa hiyo nawaomba, nitazameni mimi tu.

Wengi wenu mnaniita Enjenyeri. Jina hilo nililipenda, ndugu zangu. Nililipenda kupita kiasi. Mimi ni mtoto wa reli. Papa alikuwa fundi kwenye karakana ya gari la moshi hapa Kalemie, na mama alilima mihogo upande wa barabara ya Nyunzu ili minerval yangu, karo ya shule, isikose. Niliporudi kutoka Lubumbashi na diploma ya kompyuta, papa aliitia kwenye fremu akaitundika sebuleni. Mgeni akiingia, hata kabla hajapewa kiti, papa alikuwa anamwonyesha ile karatasi, kisha ananionyesha mimi. Nikazoea kuonyeshwa.

Nikapata kazi kwenye biro ndogo ya utafiti, vyumba viwili tu, karibu na bandari. Mkubwa wetu alikuwa profesa, mtu mpole na msomi kweli. Yeye aliamini kwamba simu ndogo hizi za tochi, ambazo hata mama wa kuuza dagaa anazo, zinaweza kuokoa watu. Alituambia, "Wengine huko duniani wana mashini kubwa za hospitali. Sisi tuna simu ya tochi. Tutafute inaweza kutufanyia nini." Maneno hayo yaliniingia. Nikawa nakwenda kazini kama mtu anayekwenda harusini.

Kolera ya hapa kwetu mnaijua, sina haja ya kuwafundisha. Mvua inaanza, maji machafu yanateremka, watu wanachota ziwani na mtoni kwa sababu bomba limekauka, na baada ya siku chache mtu anaharisha asubuhi, jioni hawezi kusimama. Ugonjwa huu ukijulikana mapema, mtu anapewa maji ya chumvi na sukari, anapona. Ukijulikana kwa kuchelewa, mnajua.

Shida ilikuwa habari. Mtaa ulikuwa unaumwa siku nne, siku tano, ndipo ofisi zinasikia. Sisi tukawaza hivi: katika kila mtaa kuna mareko, wale watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kwa mambo ya afya. Tukawapa simu. Kila asubuhi kila reko anatuma namba moja tu: leo watu wangapi wanaharisha na kutapika katika nyumba zake. Namba inaingia katika kompyuta yetu, na kompyuta inapaka rangi kwenye ramani ya mji. Hakuna mgonjwa, mtaa unakuwa kijani. Wagonjwa wachache, njano. Wengi, nyekundu. Mimi ndiye niliyeandika programu hiyo, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa naiota.

Na ilifanya kazi! Nisiseme uongo hata kwa upande huo. Mwaka wa kwanza mtaa mmoja karibu na ziwa uligeuka njano, timu ya klorini, wale wanaotia dawa katika maji, ikafika siku ile ile, na ugonjwa ukaishia pale pale. Watu walitupongeza. Tangu siku hiyo ile timu ikawa inapita kwetu kila asubuhi kuangalia ramani kabla ya kupakia mapipa yao. Ramani ikisema nenda huku, wanakwenda huku.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoangukia.

Katika programu yangu ya kwanza kulikuwa na rangi ya nne. Kama simu ya mtaa haijatuma kitu mpaka saa sita mchana, mtaa ulikuwa unakuwa wa rangi ya majivu. Maana yake: hatujui. Na hayo majivu yalikuwa mengi. Simu haina moto, mahali pa kuchajisha ni mbali, rezo ya simu imepotea, reko amekwenda shambani. Kuna siku nusu ya mji ilikuwa majivu.

Tukapata habari kwamba wageni wanakuja, wale waliokuwa wanatusaidia na utafiti, na wakubwa wengine kutoka Kinshasa. Profesa akasimama nyuma yangu akitazama ramani. Akasema, "Hii majivu inatuharibia. Mtu akiona hivi atasema kazi yetu ni mashimo matupu. Hakuna namna ya kuipunguza?"

Alisema hivyo tu. Hakuniambia nidanganye. Kwa miaka miwili nilijitetea moyoni kwa maneno yale yake, lakini leo mbele yenu nasema: yeye aliuliza kama kuna namna. Namna niliitafuta mimi.

Niliongeza mstari mmoja katika programu. Mmoja tu, ndugu zangu. Kuuandika hakukunichukua muda wa kunywa chai. Niliiambia kompyuta: ikifika saa sita na mtaa haujatuma kitu, uandikie sifuri. Nikajiambia, kama kungekuwa na ugonjwa wangepiga kelele. Waliokaa kimya ni wazima. Nikabonyeza, na mji wote ukawa kijani kama shamba la mpunga. Profesa akanipiga bega. "Umeona? Sasa inapendeza." Hakuniuliza nimefanya nini, na mimi sikumwambia.

Siku chache kabla ya wageni, antene ya simu ya ng'ambo ya mto Lukuga ikazimika. Walisema mafuta ya jenereta yamekwisha. Watu wa upande ule wakawa wanapanda kilimani kutafuta rezo, na hata kule hawaipati. Mareko wa mtaa mmoja wa huko hawakuweza kutuma chochote. Na kompyuta yangu, kila siku saa sita, ikawaandikia sifuri.

Katika mtaa ule kulikuwa na reko mmoja, mama mtu mzima. Nitamwita Mama tu. Simu tuliyompa aliitumia vizuri, lakini hakuacha kaye yake, daftari lake. Kaye ya shule, yenye jalada lililochakaa, aliyoitia katika mfuko wa plastiki ili mvua isiiguse. Humo aliandika kwa mkono kila nyumba: nani anaumwa, umri wake, tangu siku gani, anachota maji wapi.

Mama alivuka akaja mpaka biro. Nakumbuka miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini.

"Enjenyeri, jambo. Kule kwetu watu wanaharisha. Imeanza kwenye nyumba za karibu na kisima, sasa imepanda."

Nikatazama ramani. Kijani. Na fikirini, mimi niliyeweka kijani kile kwa mkono wangu, nikakiamini!

"Mama, mashini inaonyesha kwenu ni salama."

"Mashini imeona wapi? Rezo haiko. Mimi nimeandika yote mu kaye. Angalia."

"Kaye haiingii katika sisteme, Mama. Utume kwa simu, kama tulivyofundisha. Ukipata rezo utume."

Akanitazama. "Nikipata rezo," akasema. Akafunga kaye yake, akarudi.

Alirudi tena siku ya wageni. Hiyo siku mimi nilikuwa nimevaa koti na tai, ramani iko ukutani kubwa kama shuka, na wageni wamejaa chumbani. Nikamwona kupitia dirisha, amesimama na mlinzi barandani, ameshika ule mfuko wa plastiki. Mlinzi akaingia akaninong'oneza, "Yule mama anasema ni haraka." Nikamwambia, "Angoje."

Mgeni mmoja akainuka, akaweka kidole juu ya mtaa wa ng'ambo ya Lukuga. Akauliza, "Na hapa, pako namna gani?"

Nikasema, "Hapa hakuna mgonjwa hata mmoja."

Nilisema maneno hayo, ndugu zangu. Kwa sauti hii hii mnayoisikia. Na Mama alikuwa nje ya dirisha, umbali wa kutoka hapa mpaka kwenye ile ngoma ya wanakwaya. Wakapiga makofi. Nilipotoka kuwasindikiza wageni, Mama hakuwepo. Mlinzi akanipa kaye. "Amesema wewe usome, yeye hawezi kungoja. Mdogo wake ameanza kutapika."

Niliiweka kwenye meza yangu. Kulikuwa na chakula cha wageni, nikaenda kula.

Bibi yangu, niliyefunga naye ndoa, ni muuguzi. Kesho yake alirudi kutoka kazini jua lingali juu, amechoka mpaka macho yameingia ndani. Hakuvua hata viatu. Akaniuliza, "Ramani yako inasema nini juu ya ng'ambo?"

"Kijani."

"Kijani? Leo tumewalaza wawili wawili kitanda kimoja. Wote wanatoka ng'ambo. Wengine wanabebwa juu ya baiskeli, wanafika mikono imeshakunjamana. Unaniambia kijani?"

Nikaondoka nikarudi biro kwa miguu, nakimbia. Nikafungua ile kaye. Ndugu zangu, ilikuwa yote humo. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyefundishwa na masista zamani. Nyumba ya kwanza, siku ya kwanza. Nyumba ya pili. Halafu tatu kwa siku moja. Mshale mdogo amechora kutoka kisimani kwenda juu, na chini yake ameandika: *hapa njo inatoka*, yaani ugonjwa unatoka hapa. Kile ambacho mimi na wenzangu wote wenye diploma tulikuwa tunakitafuta kwa kompyuta, Mama alikuwa amekiweka mezani pangu kwa kalamu ya bei ndogo, na mimi nilikuwa nimekwenda kula samaki.

Nilipiga simu kwa timu ya klorini. Wakaenda. Kisima kikafungwa, maji yakatiwa dawa, na ugonjwa ukaanza kushuka. Lakini kulikuwa na wale ambao hawakungoja. Mdogo wake Mama alikuwa mmoja wao. Huyo mdogo alikuwa mama wa watoto watatu, bibi wa papa mmoja anayefanya kazi relini. Alikufa asubuhi ya siku ile ambayo timu ilifika mchana.

Sitasema wengine walikuwa wangapi. Nawajua wote kwa majina, na kila jina lina watu wake wanaolilia.

Ningesema ukweli siku hiyo, leo ningekuwa na dhambi moja. Nilitengeneza ya pili. Nilifuta ule mstari katika programu, peke yangu, nikarudisha majivu. Ilipoandikwa ripoti, ikasemwa kwamba antene ilizimika na habari hazikufika. Ilikuwa kweli nusu. Niliisoma, nikatia sahihi. Tukaendelea. Baada ya miezi kadhaa nikaitwa Lubumbashi kwenye mkutano wa watafiti, nikasimama nikieleza kazi yetu, na picha niliyoonyesha ni ile ramani ya kijani ya siku ya wageni. Ndiyo iliyokuwa inapendeza.

Niliporudi nilianza lutuku. Mnacheka kidogo, nawaona, maana mnaijua pombe ile. Nilikuwa nakunywa mchana, katika nyumba ya mama mmoja anayeiuza nyuma ya soko, nikiwa na koti langu la biro. Kazini nikawa nakosea vitu vya mtoto wa shule. Bibi yangu aliuliza mara nyingi ni nini. Nilimjibu ni uchovu. Papa yangu alikuwa bado anaonyesha wageni ile diploma. Niliacha kwenda kwake.

Niliendelea hivyo mpaka asubuhi moja mlango ukagongwa, nikafungua, nikamwona Mama.

Alikuwa amevaa kitenge cha matanga. Bibi yangu akamwekea kiti, akamletea maji. Mama akanywa, akasema, "Enjenyeri, nimekuja kutafuta kaye yangu. Tunataka kumaliza kilio. Familia inauliza dada yetu alianza kuumwa siku gani hasa, na mimi kichwa changu kimechanganyika. Iko mu kaye."

Nikaenda chumbani nikaileta. Nilikuwa nimeificha chini ya nguo. Akaipokea kwa mikono miwili, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinishukuru. Akasema, "Na ninakushukuru, mwanangu. Wamesema ni wewe ulipiga simu timu ikaja. Wangekufa wengi. Antene njo ilituua, si muntu. Mungu akubariki."

Akaweka mkono wake kichwani mwangu kunibariki.

Nawaambia, mtu anaweza kuvumilia kutukanwa. Mkono ule sikuweza kuuvumilia. Nikapiga magoti pale pale kwenye sementi, bibi yangu amesimama mlangoni na sinia mkononi, nikasema yote. Mstari. Sifuri. Majivu. Kidole cha mgeni na jibu nililompa. Samaki niliokula. Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Mama hakulia. Aliondoa mkono wake polepole, akaukunja katika kitenge. Akauliza swali moja tu.

"Mimi niliposimama pale barandani, wewe uliniona?"

"Nilikuona, Mama."

Akainuka, akachukua kaye yake, akatoka. Bibi yangu aliweka sinia chini, akaketi kwenye kile kiti alichokiacha Mama, akafunika uso wake. Hatukusemezana siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu akaniambia, "Mimi nitabaki. Lakini sitabaki na uongo ndani ya nyumba." Kutoka siku hiyo sijagusa lutuku.

Ilipita kama wiki mbili, Mama akatuma neno kwa jirani: mwambie Enjenyeri aje kwangu Jumamosi, avae viatu vya kutembea. Nikavuka. Nilimkuta ananingoja barabarani. Hakunisalimu kama zamani. Alisema, "Kwanza kwa shemeji yangu. Uliyoniambia mimi, utamwambia yeye. Kiisha tutaona."

Papa yule wa reli alikuwa anatengeneza mlango wa nyumba yake. Alinisikiliza, nyundo iko mkononi, na ndugu zangu, niliitazama ile nyundo. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, polepole tu, kama mtu anayehesabu:

"Siku ile ya kwanza ulipoandika sifuri, bibi yangu alikuwa anatembea bado. Alikwenda kisimani kwa miguu yake."

Akaingia ndani. Mlango aliokuwa anautengeneza akaufunga.

Nilitaka kurudi nyumbani. Mama akasema, "Unakwenda wapi? Kuna nyumba zingine." Tukatembea mpaka jua likaelekea kushuka. Kila nyumba nilisema. Wengine walinitukana. Mzee mmoja alinipa kiti. Binti mmoja aliuliza, "Kompyuta inaweza kudanganya?" nikamwambia, "Inaandika kile mtu anaiambia."

Jumatatu nilikwenda kwa Profesa. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Akasema tungeweza kurekebisha kimya kimya, kazi ya miaka isiharibike. Nikamwambia nitaandika barua kwa wote waliopokea ripoti ile, na kwa wale wa mkutano wa Lubumbashi. Aliniomba nifikiri tena. Nilifikiri, nikaandika. Kazi yangu iliishia hapo, na biro yenyewe ilifungwa msimu uliofuata. Vijana wawili wa wenzangu walipoteza kazi bila kosa lao. Hilo nalo ni langu.

Kiangazi chote kile nilimfuata Mama nyumba kwa nyumba. Sikuwa na simu mkononi, sikuwa na kompyuta. Nilibeba mfuko wake. Ndipo nilipoanza kujifunza kazi niliyodhani naijua. Niliona kwamba mtu hasemi mara ya kwanza kwamba anaharisha; ni aibu. Mama anakaa, anauliza habari za mihogo, anauliza mtoto amepanda darasa gani, ndipo mwenye nyumba anasema, "Kuna huyu mmoja tumbo linamsumbua." Niliona kwamba mareko walikuwa wanatuma sifuri za kweli na sifuri za kuchoka, na sisi hatukuwahi kuwauliza. Niliona kwamba katika utafiti wetu wote, kwa muda wote ule, sikuwahi hata siku moja kuketi katika nyumba ya mtaa ule.

Kidogo kidogo mareko wenyewe wakaanza kuniuliza: Je, tukitaka kuanza tena, tutafanyaje? Niliogopa. Niliwaambia sitaki kugusa kompyuta. Mama akanikemea mbele yao wote: "Unataka kutubu mpaka lini wakati mvua inakuja? Andika. Lakini safari hii sisi njo tutakuambia ya kuandika."

Tukaketi katika darasa la shule, wao wakisema, mimi nikiandika ubaoni. Kaye njo ya kwanza, simu inafuata. Rezo ikikosa, kaye inavushwa kwa mtu wa baiskeli, na kaye inaingia katika sisteme kama mfalme. Na mtaa ambao haukutuma kitu, wakasema, usiwe majivu tena. Majivu hayamshtui mtu. Uwe mweusi. Na ukiwa mweusi, mtu aamke aende akaone kwa macho yake. Sasa ndivyo tunavyofanya. Ni kitu kidogo, kinakaa katika kompyuta moja ya zamani iliyotolewa na parokia, na sehemu ya kijiji cha wavuvi bado haimo kwa sababu hatujapata reko wa huko.

Msimu wa mvua uliopita mtaa mmoja ulikuwa mweusi siku moja. Tukaenda, mimi na reko mwingine. Tulikuta baba mmoja na wanawe wawili wameanza kutapika tangu alfajiri. Walipona wote. Nilipokuwa narudi nilisimama darajani, nikalia mpaka wapita njia wakaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nawaza, ilikuwa rahisi hivi. Kwenda tu. Ilikuwa rahisi hivi, na mimi sikwenda.

Ndugu zangu, mkinitazama mnaona mtu aliyesimama. Ni kweli, nimeinuliwa, na namshukuru Mungu. Namshukuru bibi yangu, aliyebaki. Nawashukuru mareko, ambao walinirudishia kazi nisiyostahili. Nashukuru hata wale walionitukana mlangoni, kwa sababu walinichukua kama mtu anayeweza kuambiwa. Na Mama, sitakutazama, nimeahidi, lakini unajua.

Papa wa reli hajanisamehe. Tunapishana kwenye barabara ya stesheni, ananipa njia, hanisalimu. Sijamwomba tena. Watoto wake watatu wanakua bila mama yao, na hakuna programu nitakayoiandika itakayobadilisha hilo. Nyinyi mkiomba leo, msiombe kwa ajili yangu kwanza. Waombeeni wao.

Na nyinyi vijana mlioketi nyuma, mnaosoma kompyuta, mnaokuja kuniuliza namna ya kutengeneza aplikasyo itakayosaidia nchi: tengenezeni. Nchi inahitaji. Lakini mahali ambapo hujui, andika kwamba hujui. Neno hilo liandike kubwa, lionekane, hata kama mgeni amesimama nyuma yako, hata kama mkubwa wako anaona haipendezi. Kisha vaa viatu, uende ukaulize. Ukikuta mama amesimama nje ya mlango wako na karatasi mkononi, acha wageni wangoje.

Tafadhali, msinipigie makofi. Asanteni kwa kunisikiliza.